Asiyekula kwa Mwenye Shamba

Vijana wangu, niwaambie ukweli mapema: Jumamosi iliyopita mlinitia wasiwasi.

Mlikuja kumi na wawili hapa kwangu Mtua, mmevaa fulana za rangi moja, mmebeba majembe mapya ambayo mipini yake haijawahi kuonja jasho. Mkasema mmekuja kunihudumia, mimi mama mstaafu, kwa jina la Bwana. Mkapalilia chini ya mikorosho yangu mistari sita, vizuri tu, kazi yenu sina neno nayo. Nilipotoka jikoni kuuliza niwapikie nini, mkanijibu kwa adabu kabisa, "Usijisumbue Mama, tumekuja na vyetu." Mkatoa mikate yenu na maji yenu ya chupa, mkala huko huko shambani, mkaniweka katikati mkapiga picha, mkaondoka. Jioni ujumbe ukaingia kwenye simu: Mama, tuandikie ulivyopata wito wa kutumikia ulipokuwa chuo, tusome kabla hatujaenda fildi.

Tangu siku hiyo najiuliza, hawa watoto wanataka nini kwangu?

Msicheke. Nimekuwa bibi shamba miaka thelathini na ushee, Nachingwea na Ruangwa. Na kabla ya hapo nilikuwa binti wa baba yangu, mpasua mbao wa Njombe ambaye hakumwamini mtu, hata mchungaji wake alimwamini nusu. Alikuwa akituambia sisi watoto kwamba mtu akikupa kitu kwa mkono mmoja, usiangalie anachokupa, angalia mkono wake wa pili uko wapi. Nimekua na maneno hayo. Mpaka leo mtu akinisalimia kwa uchangamfu kupita kiasi, nashika mkoba wangu kwanza ndipo naitikia.

Kwa hiyo kama mnataka ushuhuda wa nuru iliyoshuka na sauti iliyoita, nendeni kwa mwingine. Wito wangu mimi ulinikuta nimepiga goti kwenye vumbi la Chiola, nina tonge la ugali wa muhogo uliolala, na watu watano wananikodolea macho. Nitafika huko, msiniharakishe.

Kwanza kazi, maana mkienda fildi bila kujua kazi, maombi yenu hayatamsaidia mkulima. Mikorosho ikianza kuchanua, mwezi wa sita na wa saba, unakuja ule ugonjwa wa unga mweupe tunaouita ubwiriunga. Ukilipata ua, ua linakauka, na ua likikauka hakuna korosho. Huku kwetu kama hakuna korosho, hakuna ada ya shule, hakuna bati, hakuna harusi. Siku hizi kuna dawa za maji na mtu anakutumia picha ya jani kwenye simu umwambie tatizo. Sisi tulikuwa na salfa, unga wa njano, na mashine ya kubeba mgongoni inayonguruma. Salfa inapulizwa alfajiri, umande ukiwa bado uko kwenye majani na upepo umelala. Umande ndio unaoishikisha. Jua likichomoza na umande ukikauka, unga wako wote unakwenda kwa jirani, na jirani hata asante hasemi.

Upepo nilifundishwa kijijini Mbwemkuru, kule Ruangwa, mwaka wangu wa kwanza wa ajira. Nilikusanya wakulima kuwaonyesha utaalamu. Nikasimama mbele yao kwa maringo, mgeni kutoka chuoni, nikawasha mashine bila hata kurusha vumbi kidogo kuona upepo unaelekea wapi. Salfa yote ikanirudia usoni. Nilikaa chini nalia machozi ya njano, na mzee mmoja akaniuliza taratibu kama dawa ile ni ya mikorosho au ni ya macho. Kwa miaka mingi pale waliniita Bi Manjano. Kwa hiyo rusheni vumbi kwanza.

Jambo jingine, na hili msilisahau hata mkisahau salfa: kabla hujagusa mti wa mtu, uliza ni wa nani. Huku ardhi inaweza kuwa ya huyu na mikorosho iliyosimama juu yake ikawa ya yule. Mtu akionekana anauhudumia mti, anafyeka chini yake, anakata matawi, na hakuna aliyemtuma, watu wanaanza kukaa mkao wa kusubiri. Siku moja anaweza kusimama mbele ya wazee akasema mti ni wake, mashahidi si mliniona? Mimi hilo nilikuwa silijui. Chuoni Morogoro walinifundisha magonjwa ya majani na mizizi. Magonjwa ya wenye mikorosho hawakunifundisha.

Sasa chuo. Mwaka wa kwanza nilipata malaria ya kulala chini. Siku ya pili akaja kijana wa mwaka wa tatu, Elifasi, kiongozi wa ushirika wa wanafunzi Wakristo, ameshika chupa ya uji. Akampa mwenzangu wa chumba aniletee, akaondoka. Kesho yake uji tena. Nikajua basi, huyu ananitaka. Hakuna mvulana anayembebea msichana uji siku nne mfululizo bila mahesabu yake. Nilipopona nikamsubiri nje ya bwalo nikamuuliza uso kwa uso anataka nini. Akashangaa, akasema alitaka nipone kwa sababu Jumatatu kulikuwa na mtihani.

Jibu hilo lilinitia shaka zaidi. Nikaanza kwenda kwenye ushirika, si kuomba, kumchunguza. Nikakaa nyuma. Bwana asifiwe, amina, na mimi macho kodo. Nikaona anawapelekea uji na wengine, hata yule mvulana aliyekuwa akimwita mnafiki mbele za watu. Anafua nguo za wagonjwa. Nguo zake mwenyewe zina viraka, na ukimpa hata embe anakwambia mpe fulani ana shida zaidi. Nilimchunguza miaka miwili mizima, na ule mkono wa pili sikuuona. Hapo ndipo nilipookoka, kama mnataka kuandika tarehe yangu. Niliokoka kwa wivu. Nilitaka na mimi niwe mtu asiye na mkono wa pili.

Kabla ya fildi ya mwaka wa tatu, sisi wa ushirika tuliweka nadhiri. Elifasi alikuwa ameshamaliza lakini alibaki pale kama msaidizi wa maabara, bado ndiye tuliyemsikiliza. Tulikubaliana kwamba kila mmoja, popote alipopangwa, siku saba za kwanza atahudumu bila malipo na atafunga kula na kunywa mpaka jua lizame. Elifasi akatufundisha mambo mawili, nikayaandika na kuyapigia mstari. Funga yako usiitangaze: nawa uso, jipake mafuta, changamka. Na ukimhudumia mtu usipokee kitu, hata maji, usije ukala thawabu yako mapema. Nadhiri hiyo ndiyo ahadi ya kwanza ya maana niliyompa Mungu. Niliishika kwa meno.

Nikapangiwa Chiola, huku Nachingwea. Nilifikia kwa mwalimu mmoja na mkewe, watu wa Tabora waliohamishiwa huko. Bwana shamba wa kata akanikabidhi mashine na kunipeleka kwa mjane mmoja, Bi Somoe, Mmakua, mama wa Kiislamu wa makamo. Mumewe alifariki baada ya msimu uliopita. Alimwachia mikorosho arobaini na hakuwa na kitu kingine chochote. Salfa alikuwa nayo, mtu wa kupuliza hakuwa naye. Na lipo la zaidi, ambalo bwana shamba alinidokeza tu: baada ya arobaini ya marehemu, mdogo wake, Issa, alidai nusu ya ile mikorosho. Wazee wakamkatalia. Ila hakuhama, nyumba yake ilikuwa ng'ambo ya njia, na kila siku alipita pale akiitazama.

Shamba lilikuwa pori. Nikasema nitafyeka na kukata matawi makavu siku tatu, ya nne nipulize salfa, maana maua yalishatoka na unga mweupe ulishaanza kuonekana kwenye matawi ya chini. Wiki hiyo ikipita bila salfa, msimu wa yule mama umekwisha.

Siku ya kwanza adhuhuri akaja na beseni limefunikwa kanga. Ming'oko, vile viazi vyembamba vya porini wanavyochimba kiangazi, imechemshwa na chumvi, moshi unatoka. Jamani, naipenda ming'oko mpaka leo. Nikatabasamu nikasema, "Nimeshiba, Bibi." Siku ya pili akaleta ugali wa muhogo na kisamvu. Nimeshiba. Siku ya tatu hakuleta chakula, alileta maji tu kwenye kikombe, akakiweka karibu yangu akasimama. Koo langu limekauka mpaka mate yamegoma. Nikamwambia asante Bibi, sina kiu. Akakitazama kikombe, akanitazama mimi, akakichukua akaenda zake bila neno.

Nilidhani ameguswa na neema. Jioni nilimsimulia mke wa mwalimu kwa furaha jinsi yule mama alivyobaki kimya. Akasema "mmh" akaendelea kupeta mchele.

Alfajiri ya nne ilikuwa alfajiri ya kuombea. Umande mzito, upepo hakuna hata wa kutikisa jani. Nimefika na mashine mgongoni, nakuta njia ya kuingilia shambani imezibwa kwa matawi ya miiba. Bi Somoe ameketi kwenye kigoda nyuma ya ile miiba. Kando yake wapo jirani wawili wanawake, balozi wa nyumba kumi, na Issa.

Nikamwona Issa, moyo wangu ukahukumu hapo hapo. Nikasema ndiye huyu, amemtia sumu mjane wa watu ili maua yaungue, mikorosho ionekane haina mtu. Nikaamkia, shikamoo Bibi. Marahaba ikatoka bila kunitazama.

"Umetumwa na nani?" akaniuliza Bi Somoe.

"Nimetumwa na Mungu, Bibi."

"Mungu ana mikorosho mingi. Hii yangu anaitakia nini?"

Nikamgeukia Issa. Nilimsema. Nilimwambia mbele ya balozi kwamba ana tamaa, kwamba anamdhulumu mke wa marehemu nduguye, na maneno mengine ya lugha ya kwetu Njombe ambayo nashukuru hawakuyaelewa. Yule bwana akanisikiliza mpaka mwisho, kisha akacheka.

"Dada, mimi nimeitwa asubuhi hii kuulizwa kama wewe ni mtu wangu," akasema. "Siku tatu unafyeka, unakata matawi. Huli, hunywi. Huku kwetu asiyekula kwa mwenye shamba, anajilimia."

Nikaeleza mbio mbio kwamba si hivyo, sikuwa na nia hiyo, nimefunga, nimefunga kwa imani yangu. Na hapa ndipo uchungu ulipo, wanangu. Ningemwambia siku ya kwanza kwamba nimefunga, yule mama wa Kiislamu angenielewa kuliko hata wapendwa wenzangu. Yeye kufunga amekujua tangu utoto. Ila mimi nilijipaka mafuta nikasema nimeshiba.

"Juzi umeshiba," akasema Bi Somoe. "Jana huna kiu. Leo umefunga. Kesho utaniambia nini?"

Kulikuwa kunapambazuka. Nilipotazama nyuma yake niliyaona maua, na matone ya umande kwenye majani yanaanza kumeta, maana yake jua li karibu. Nilijua nina nusu saa, labda pungufu. Kama nashika nadhiri yangu, narudi kwa mwalimu nikiwa safi, na maua yanaungua. Nikiivunja, naivunja mbele ya watu, ahadi yangu ya kwanza kwa Mungu, siku ya nne kati ya saba. Nilimkasirikia Elifasi. Nilimkasirikia Mungu pia, na niliyomwambia kimoyomoyo pale siyaandiki hapa.

Kisha nikatua mashine. Nikapiga goti.

"Bibi, nina njaa. Naomba chakula."

Alinitazama muda mrefu. Hata hilo alilishuku, nami nisingemlaumu, ningelishuku hata mimi. Mwisho akamtuma jirani mmoja nyumbani kwake. Ukaja ugali wa jana, wa baridi, ule wa muhogo ambao ukilala unavutika, na kisamvu kidogo chini ya sufuria. Bi Somoe akawaambia wote wasogee waone. Akaninawisha mikono yeye mwenyewe. Nikala, na balozi akiinama kuhakikisha nameza.

Tonge la tatu nikaanza kulia, na sikulia kwa aibu peke yake. Niliuona mkono wangu wa pili. Baba yangu alinifundisha kuutafuta kwa watu wote, sikuwahi kugeuka kutazama wa kwangu. Siku tatu nilikuwa nampa yule mama kwa mkono mmoja, na huu mwingine uko nyuma, umeishikilia thawabu yangu nisipunguziwe. Nilimfanya mtu asiye na cha kutoa, nyumbani kwake, shambani kwake. Nikamkumbuka Bwana wetu alivyoketi kisimani, amechoka na safari, na neno la kwanza alilomwambia yule mwanamke lilikuwa kuomba maji. Habari hiyo nilikuwa nimeshaihubiri mara mbili chuoni. Nilihubiri maji ya uzima, lile ombi nililiruka.

Nilipomaliza, Bi Somoe akachukua sahani, akaikagua kama kimebaki kitu. Akasema sasa mimi ni kibarua wake, kila mtu ameona. Akamwambia Issa aondoe miiba. Issa akaiondoa, tena akanibebea mfuko wa salfa mpaka kwenye mkorosho wa kwanza, bila shaka huku akitazama ile mikorosho kwa tamaa yake ileile, simtakasi. Tulipuliza mikorosho tisa kabla umande haujakauka. Iliyobaki tukaimaliza alfajiri mbili zilizofuata, na kila alfajiri nilikula kwanza.

Kuanzia hapo, kila nilikokwenda Chiola nilianza kwa kuomba kitu. Maji, kiti, muhogo wa kutafuna. Watu wakaanza kuniambia mambo ambayo bwana shamba hakuwahi kuambiwa, nani mikorosho yake inakatwa kwa wivu, nani amemficha mgonjwa ndani. Nikajua hapa ndipo nitatumika. Sikusikia sauti. Nilijua tu, jinsi unavyojua umeshiba. Nilipomaliza chuo nikaomba nipangiwe huku kusini, na ofisini wakaniuliza nimekosana na nani huko kwetu.

Chuoni nilikiri kwamba nimevunja nadhiri. Wapendwa wengine waliniombea kama mtu aliyeanguka, wakaniwekea mikono. Mwezi wa kumi na moja mke wa mwalimu alipita Morogoro akaniletea kifurushi kutoka kwa Bi Somoe: korosho, amezikaanga na kuzibangua mwenyewe, zimefungwa kwenye kipande cha kanga. Maua yalishika. Nikazipeleka kwa Elifasi. Akatabasamu, akasema niwape wengine wenye shida zaidi.

Hapo nikaelewa kwa nini nilimshuku mtu yule miaka yote ile. Hakuwahi kupokea kitu kwa mtu yeyote. Nikamwambia sitoki mlangoni mpaka ale. Akala moja, taratibu, akiangalia chini. Macho yake yakajaa machozi. Kisha akanyoosha mkono akaomba nyingine.

Bi Somoe alikufa mikorosho yake yote arobaini ikiwa bado mikononi mwake. Kila nilipopita kwake kwa kazi, hakuniruhusu hata kutaja mdudu kabla ya sahani. Alikuwa akisema, kula kwanza nisikushuku.

Basi, vijana wangu. Mlipalilia mistari sita kwangu, mkala vyenu, mkanywa vyenu, mkaenda. Jirani yangu amekuja mara mbili kuuliza wale walikuwa kina nani, na shamba nimeliuza lini. Nimemjibu kwamba ni watoto wa kanisa, hawajafundishwa bado. Jumamosi hii rudini. Majembe yaacheni, na mikate yenu iacheni. Ming'oko nimeshamwagiza mtu wa Chiola, nitachemsha beseni zima. Mtakaa chini hapa uani, mtakula mpaka jirani aone, kisha mtakuwa mmenihudumia.